Nani Alizima Mashine ya Mama Mkwe

Simu ya hospitali ilinikuta saluni, nimeshika kichwa cha mteja, kitana mdomoni. Sipendi simu wakati nasuka. Lakini iliita, ikakatika, ikaita tena, mpaka mteja mwenyewe akasema, "Dada, pokea tu, isije ikawa msiba." Nikapokea. Sauti ya kike, yenye adabu za ofisini, ikauliza kama mimi ndiye mke wa Mpima.

"Nilikuwa," nikasema. "Nimeshastaafu."

Hakucheka. Akasema mzee amepata kiharusi, amekata kauli, damu imevujia kichwani. Kwenye faili lake kuna wosia wa matibabu, na aliyeandikwa humo kuwa msemaji wake, wa kuamua afanyiwe nini na asifanyiwe nini siku akishindwa kusema mwenyewe, ni mimi. Nikamwambia arudie. Akarudia polepole, kama anayemsomea mtoto. Nikatoa kitana mdomoni, nikakiweka mezani, nikacheka. Nilicheka mpaka yule mteja akaniangalia kupitia kioo, akadhani nimechanganyikiwa. Sijapata kupokea simu tamu namna ile maishani mwangu.

Nitaeleza sababu, msinione mwanamke mbaya bure. Mkishaijua, mnaweza kuniona mbaya mkitaka.

Mpima alikuwa mume wangu. Jina hilo alipewa kwa kazi yake ya kupima viwanja, na lilimkaa sawasawa, maana hakuna kitu alichokiona asikipime. Hata godoro letu la kwanza alilipima kwa futi kamba dukani, mwenye duka amenuna. Tuliishi na mama yake. Mama mkwe wangu alipooza akiwa bado ana maneno yake yote, na muda wote aliolala kitandani mimi ndiye niliyemwosha, nikamlisha, nikamgeuza ubavu asitoke vidonda. Wifi yangu, dada yake Mpima, alikuwa anakuja Jumapili na manukato yake, anakaa pembeni ya kitanda, anamshika mama mkono, anaondoka. Mama mwenyewe alikuwa mtu. Alinitania kwamba nikimgeuza, namgeuza kama mkeka unaoanikwa.

Mwishoni akalazwa, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari wakasema hapana tena mtu pale, ni mashine tu inayopumua. Siku zile hospitali ile haikuwa na mambo ya karatasi. Ndugu alisema kwa mdomo na daktari akafanya. Alfajiri moja Mpima akaenda peke yake, akamwambia daktari azime. Kisha akarudi nyumbani, akanikuta jikoni, akapiga magoti sakafuni, mwanaume mzima.

"Dada yangu akijua ni mimi, hatanisamehe mpaka kaburini," aliniambia. "Sema ni wewe uliyezungumza na daktari. Wewe ni mkwe, watakusema kidogo, watanyamaza. Nibebee hili, na mimi nitakubeba maisha yangu yote."

Nikambebea. Nilimpenda, basi. Na yule daktari alihama nchi mwaka uleule.

Hawakunyamaza. Na Mpima aliponichoka akataka kuniacha, mnadhani alitumia sababu gani? Alisimama kwenye kikao cha ukoo, akasema hawezi kuendelea kulala kitanda kimoja na mwanamke aliyemuua mama yake. Akaniruka kimanga mchana kweupe, huku ananitazama machoni. Wifi akaangua kilio, akatema mate karibu na miguu yangu. Nikafunga virago. Kabla godoro langu halijapoa, wifi akahamia.

Hayo ningeyameza. Nyumba ni matofali, na wanaume wapo. Nisiloweza kulimeza ni binti yangu. Ni mtoto wangu wa pekee, na alikulia mgongoni mwa bibi yake. Wakati wa msiba alikuwa masomoni, mbali. Habari za kifo alisimuliwa na shangazi yake, akamuuliza baba yake kama ni kweli, baba yake akainama akatazama viatu. Kwa mtoto hilo lilikuwa jibu. Nilipojaribu kumweleza, akaniambia, "Mama, usimsingizie baba kwa sababu amekuacha." Akaacha kupokea simu zangu. Alipoolewa, habari za harusi nilizipata kwa mteja aliyekaa chini ya draya yangu ya nywele, anasimulia jinsi keki ilivyopambwa. Nikamkausha nywele, nikamshukuru kwa habari, nikaenda chooni nikauma taulo. Siku ile nilikula kiapo kwamba Mpima atasema. Atasema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya binti yangu, nani alizima ile mashine. Nikikosa vyote duniani, hilo silikosi.

Sasa hapo ndipo muone akili za mwanaume. Baada ya kifo cha mama, Mpima aliingiwa na hofu ya kufa vile. Tukiwa bado mke na mume, alikwenda hospitali, mambo ya karatasi yameshaanza, akaandika wosia wake wa matibabu, akaniweka mimi. "Ni wewe peke yako unayeweza kubeba uamuzi wa namna hii," aliniambia, na mimi mjinga nikafurahi. Tulipoachana, akakimbilia kwa wakili. Wosia wa mali ukaandikwa upya, nikafutwa kila mstari. Nyumba akaiweka chini ya udhamini, mdhamini dada yake. Viwanja, gari, mpaka ngazi na vyombo vyake vya kupimia, vyote vikapata wenyewe wapya. Hakukumbuka kwamba na mwili wake nao una karatasi. Kila chenye mipaka alikikumbuka, akajisahau yeye.

Nikarudi kwa mteja wangu, nikamsuka mpaka nikamaliza, nikamnyoosha na nywele za kando ya masikio. Sikuwa na haraka.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, feni inalia juu, viti vya plastiki vimebanana. Wifi alikuwa ameshafika, na manukato yake yamejaa chumba kizima. Pembeni yake alikaa binti yangu. Alinitazama mara moja, akaangalia pembeni. Alikuwa amenenepa kidogo, ndoa imemkubali. Aliyemsuka alimvuta mno kwenye paji la uso, ngozi imetoa vipele, na mikono yangu ikawasha kutaka kumfumua palepale.

"Huyu anafanya nini hapa?" wifi akauliza, haniulizi mimi.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, mpole. Akageuza karatasi itutazame. "Ndiye msemaji wa mgonjwa."

"Msemaji gani? Ameachwa huyu."

"Ameandikwa kwa jina lake, mama, siyo kwa cheo cha mke. Na mgonjwa hakuwahi kufuta."

Wifi akampigia wakili, akaweka sauti ya simu juu ili tusikie wote nikiumbuka. "Wakili, hebu mwambie daktari. Huyu mwanamke yumo au hayumo?"

Wakili akasema kwenye wosia wa mali, hayumo. Kwenye udhamini wa nyumba, hayumo.

"Na kwenye matibabu?" daktari akauliza.

"Kuna karatasi ya matibabu?" wakili akasema. "Mzee hakuniambia."

Wifi akapandisha sauti. Akataka wakili asome huo udhamini, ijulikane nani mwenye kauli. Wakili wa watu akasoma: nyumba itakuwa ya dada wa mwenye mali, kwa sharti kwamba atakaa humo na kaka yake na kumtunza kwa mikono yake mwenyewe maadamu yu hai. Asipomtunza, nyumba inakwenda kwa binti. Wifi akasema, "Sawa, sawa, hilo nalijua," akakata simu kabla wakili hajamaliza sentensi.

Daktari akatueleza. Njia zilikuwa mbili. Wampasue kichwa watoe ile damu, na hapo anaweza kuishi, anaweza hata kuongea, ila hakuna ahadi. Au wamwache. Karatasi ya Mpima ilisema asiwekewe mashine kama hakuna tumaini la kuwatambua watu tena. "Kwa hali yake, tumaini lipo, ila si kubwa," daktari akasema. "Kwa hiyo uamuzi ni wa msemaji. Na usichelewe."

Wifi akabadilika sura. Akanigeukia, akaniita "wifi yangu," neno ambalo nilikuwa sijalisikia kutoka kinywani mwake tangu msiba.

"Wifi yangu, kaka amechoka. Mwenyewe aliandika hataki mashine. Mwache apumzike."

"Sijasikia vizuri," nikasema.

"Nasema, tumwache aende."

"Mwambie daktari. Mimi ni msusi tu, nisije nikakosea."

Akamwambia daktari. Alilazimika kulisema lote, kwamba familia inaona bora mgonjwa aachwe, na kila neno lilipotoka nililinywa kama maji ya baridi. Binti yangu alimtazama shangazi yake, machozi yakamkauka usoni.

"Miaka yote mmeniita muuaji," nikasema. "Leo mnaniletea hiyo kazi mkononi? Hamnipati. Daktari, mpasueni."

Ndipo binti yangu aliponisemesha. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu hata sikumbuki lini. "Mama, unamwokoa kwa sababu unampenda, au unamkomoa?"

"Namkomoa," nikasema. Nisingemdanganya mtoto wangu.

Wakampasua, akapona. Upande wa kulia ulikufa, mkono umelala kama si wake, mdomo umekwenda pembeni. Alipofumbua macho nilikuwa nimekaa palepale kwenye kiti, nimevaa gauni langu zuri. Aliniangalia, akaangalia ukuta, akaniangalia tena, na macho yakamtoka.

"Ni mimi," nikamwambia. "Yuleyule."

Alitaka kusema, ikatoka sauti tu. Maneno yote yalikuwa yamemwisha. Sikuwa na wasiwasi. Mtu ambaye hana neno hata moja, nikajisemea, atajifunza nitakalomfundisha.

Pale hospitali palikuwa na dada wa mazoezi ya kuongea, msichana mchangamfu anayependa kazi yake. Akanielekeza. Mgonjwa wa namna hii, akasema, tusimpe maneno hovyo hovyo. Chagua sentensi moja fupi, yenye maana kwake. Ikate vipande. Mgongee mkono kila kipande, polepole, kila siku, mpaka ulimi ukumbuke njia. Wengine huchagua "naomba maji." Wengine huchagua kuwasalimia watoto.

"Wewe ungependa ipi?" akaniuliza.

"Ninayo," nikasema.

Nikawa nafunga saluni mapema. Nafika wodini mchana, nalala njaa mimi, simlazi yeye. Nilimlisha uji wa hospitali kijiko kwa kijiko, nikamfuta kidevu, nikamgeuza. Sikumnyima chochote, mimi si mnyama. Nilimnyima sentensi nyingine tu. Nikimaliza kumlisha nashika ule mkono wake mzima, naugonga kwa vidole.

"Ma-shi-ne."

Anageuza uso ukutani. Namngoja. Mimi nimezoea kusimama siku nzima juu ya vichwa vya watu, kungoja si kazi kwangu. Uso unarudi. "Ma-shi-ne," nagonga tena. Anajua ninachotaka. Kichwa kilikuwa kizima, ni mdomo tu uliokufa, na hilo lilinifurahisha kuliko yote. Siku ya kwanza alipotoa "ma," nilimpiga makofi mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakapiga, wanadhani wanashuhudia mapenzi. Mama mmoja akaniambia Mungu atanilipa kwa moyo wangu. Nikaitikia amina.

Alipokuja kuitoa nzima, machozi yalimtiririka mpaka shingoni. "Mashine ya mama, niliizima mimi." Ilikuwa imekwaruza, imepinda, lakini ilikuwa yote. Nikamfuta machozi kwa kitambaa.

"Vizuri," nikasema. "Tena."

Nikawaita. Nikawaambia Mpima ameanza kuongea, njooni msikie. Siku hiyo nilimnyoa ndevu, nikamvisha shati jeupe, nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Binti yangu akaja na matunda. Wifi akaja na manukato. Moyo wangu ulikuwa unanienda mbio kama wa bibi harusi.

"Haya, baba," nikasema. "Waambie."

Akaniangalia. Nikagonga mkono wake, kidogo tu, kwa mazoea.

"Mashine... ya mama... niliizima... mimi."

Binti yangu alishika ukingo wa kitanda. Halafu wifi akacheka. Hakuwa anajilazimisha, alicheka kweli. Yule dada wa mazoezi alikuwa anapita na toroli lake, wifi akamwita.

"Samahani, mwanangu. Hiyo sentensi kaitoa wapi mgonjwa?"

Na yule msichana, roho safi, hajui lolote, akajibu kwa fahari. "Aliichagua mama hapa. Wamefanya bidii sana, kila siku hiyohiyo, hawajakosa."

Wifi akapiga makofi. "Mmesikia? Kasuku huyo. Angemfundisha aseme yeye ni rubani wa ndege, angesema. Wewe mwanamke huna haya. Umeona hana mdomo, ukampa wako."

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa ananitazama kwa chuki ambayo hata kwenye simu sikuwahi kuisikia.

"Hata mgonjwa, mama," akasema. "Hata mtu aliyelala." Akachukua mkoba wake.

Niliona kosa langu lote palepale. Kama ningemfundisha kuomba maji, nikatulia, maneno mengine yangekuja yenyewe, na ukweli ungekuja nayo. Lakini mimi nilitaka niutoe kwa mkono wangu, niusikie mapema, niusikie kila siku. Nikauharibu. Sasa hata angelisema mara elfu, lilikuwa neno langu, si lake. Binti yangu alikuwa ameshafika mlangoni, na safari hii nilijua hatarudi.

"Ulilala."

Tukageuka wote. Mpima hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amenyoosha ule mkono mzima, kidole kimeelekea kwa dada yake.

"Nini, kaka?" wifi akasema.

"Ulilala. Chini." Akameza mate. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, jasho limejaa kwenye paji la uso. "Mla... mlangoni. Shuka... usoni." Akapumzika. "Ni... nikakuvuka."

Hilo hakuna aliyemfundisha. Mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Lililojulikana na ukoo mzima, tangu msibani, ni hadithi ya wifi, na aliisimulia vizuri mpaka watu wazima wakalia: jinsi alivyokesha kando ya mama akimwombea dua, jinsi nesi alivyomtuma duka la dawa alfajiri, na jinsi katika dakika hizo chache muuaji alivyopenya. Muuaji mimi. Sasa alikuwa amesimama na mdomo wazi, mkono umeshika mkufu wake.

Binti yangu akarudi hatua moja ndani. "Shangazi, si ulikuwa duka la dawa?"

Wifi akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Nilijilaza kidogo tu, nje ya mlango. Nilipoamka, ameshakwenda." Kisha akamtazama kaka yake. "Ulinivuka? Ulinivuka, kaka, ukaenda ukamzima mama, hukuniamsha hata nimuage?"

"Niliogopa," Mpima akasema.

Nilitegemea siku hiyo nitaruka, nitapiga vigelegele, nitampa kila mtu vidonge vyake. Nilikuwa nimeviandaa miaka na miaka. Nikajikuta nimesimama tu. Binti yangu akaweka mkoba chini. Akaja mpaka mbele yangu, akasema, "Mama." Na mimi sitadanganya, nilikuwa na hasira naye pia. Aliamini upesi mno. Nikamwangalia, nikaona vile vipele kwenye paji lake la uso.

"Nani alikusuka hivi?" nikamuuliza. "Kaa hapo nikulegeze."

Akakaa. Nikamfumua mistari ya mbele palepale wodini, analia kimyakimya, mabega yanacheza, na mimi nikawa nakosakosa kushika kitana kwa sababu sikuwa naona vizuri.

Siku ya kuruhusiwa ikafika. Daktari akaja na fomu zake, akauliza mgonjwa anakwenda wapi na nani atamhudumia. Wote wakanitazama mimi. Wifi alikuwa amekonda katika siku hizo chache, na alikuja bila manukato. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wifi yangu, tulikukosea," akasema. "Mimi hasa. Rudi nyumbani. Chumba chako kipo, nimeshahamisha vitu vyangu. Njoo umwuguze ndugu yetu, tuishi kama zamani."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Radhi yenyewe ilikuwa ya kweli, nilimwona machoni. Lakini tazameni ilivyofungashwa: wananirudisha kwenye nyumba niliyofukuzwa, nikaoshe tena, nikalishe tena, nikageuze tena. Katika ukoo ule, hata ukiombwa msamaha unapewa beseni.

"Daktari," nikasema, "naweza kujitoa kwenye usemaji?"

"Unaweza. Mzee sasa ana akili zake timamu, anaweza kuchagua mwingine."

"Andika nimejitoa."

Wifi akaachia mkono wangu. "Sasa nani atamtunza? Mimi mgongo wangu unajua ulivyo."

"Udhamini unasema kwa mikono yako mwenyewe," nikamwambia. "Wakili alisoma, nilikuwepo. Ukishindwa, nyumba ni ya huyu binti. Mimi sina shida, nina pa kulala."

Nikavua saa yangu, nikakunja mikono ya gauni, nikamwonyesha. Mto chini ya nyonga. Kiganja chini ya bega, usimvute mkono hata siku moja. Mpake mafuta kwenye visigino. Asubuhi, mchana, jioni, na usiku ukisikia anahema vibaya. Nilimwonyesha vizuri, sikumficha kitu, mpaka nikamwacha yeye amgeuze peke yake nikimtazama. Alimgeuza akihema, vipodozi vinamtiririka na jasho. Mama yao nilimgeuza mimi miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mgongo wangu.

"Mama, una uhakika?" daktari akaninong'oneza pembeni. "Kwako anaendelea vizuri mno. Kazi hii unaijua."

"Naijua, daktari. Ndiyo maana siitaki."

Mpima alikuwa amelalia ubavu, jinsi dada yake alivyomwacha. Aliniangalia nikivaa saa yangu, akaelewa. Akaanza kukusanya mdomo, nikamngojea, maana nilikuwa nimezoea kumngojea.

"Ni... sa... mehe."

"Limetoka vizuri," nikamwambia. "Lakini mimi sina la kukupa."

Nikasema ukweli. Nilitafuta ndani yangu, nikatafuta kwa haki kabisa, sikuliona neno la msamaha. Pengine liliisha jikoni siku ile aliyopiga magoti. Nikachukua mfuko wangu, binti yangu akanipokonya akaubeba yeye, tukatoka. Mfanyakazi alikuwa anapiga deki, tukapita ukingoni mwa ukuta tusimharibie kazi yake.

Yule dada wa mazoezi alikuwa ameniambia zamani kwamba majina ya watu ndiyo huchelewa kurudi, na kwa Mpima langu huenda lisirudi kabisa. Siku zote zile hakuwahi kuniita, alikuwa ananinyooshea kidole tu. Tulikuwa tumefika karibu na lango la wodi alipolisema. Hakusema mama fulani, alisema jina langu lenyewe, alilokuwa ananiitia tulipokuwa vijana, zima, bila kukwama. Akaliita tena kwa nguvu zaidi.

Binti yangu akasimama. "Mama," akasema, "anakuita wewe."

"Nimesikia," nikasema, nikafungua lango.